Kushoto, Kulia

Saa moja asubuhi, mzunguko wa Nalufenya,
nimevaa fulana ya zambarau inayonibana tumbo.
Saizi yako imekwisha, alisema kijana wa mezani,
vuta pumzi tu, mzee, ni kilomita kumi.
Kumi!
Mimi niliyetoka Pakwach hadi Adjumani kwa miguu
na gunia la mahindi, na bunduki isiyokuwa yangu.

Mfukoni nina daftari la ahadi.
Mwogeza wa chapati: elfu mbili, ameshatoa.
Fundi cherehani: elfu moja kwa kila kilomita,
ila ameandika kwa penseli.
Mama Nangobi, anayenidai kodi ya miezi miwili:
elfu tano.
Akasema, hii haihusiani na ile.

Firimbi inalia. Miguu inakumbuka kabla yangu.
Kushoto, kulia. Kushoto, kulia.
Kiswahili changu ni cha kambini,
kiliniingia kwa makelele na kwa fimbo.
Nyumbani tulisema Kialur, sokoni Kisoga cha kuombea nyongeza,
lakini nyayo zangu hadi leo zinajua lugha moja.

Kushoto.
Upande ule ule, Ayerango,
ulioniambia niguse, nikagusa,
nikasema ni maziwa yameganda, yatayeyuka.
Kitindamimba wetu alikuwa na miaka kumi na tisa.

Tunapita Barabara Kuu, maduka ya zamani
yaliyochorwa mwaka kwenye paji la uso.
Lori la miwa kutoka Kakira linatupisha;
watoto wanachomoa muwa mmoja kwa nyuma,
na dereva anajifanya hajaona.

Kando yangu binti, Mukoda, anasomea maabara.
Nikamuuliza, pesa hizi zinakwenda wapi?
Kwenye utafiti.
Kutafuta nakujua. Nimetafuta adui na sikumpata,
nimetafuta chupa mbili za damu usiku, Mulago,
nimetafuta nauli ya kurudi.
Utafiti ndio nini?
Akawaza mpaka tukavuka reli.
Ni kuuliza swali lile lile, mzee,
hadi jibu lichoke kujificha.

Wewe ulikuwa nalo moja.
Uliniuliza wodini, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi:
mbona kushoto?
Nami nikakuambia, nyamaza, pumzika.
Nilidhani ninakuonea huruma.

Kilomita ya sita. Mbele yangu mama mmoja
kavaa kofia ya sufu katika jua hili.
Vijana wanampita huku na huku kama maji na jiwe.
Jeshini anayebaki nyuma hufokewa.
Nikafupisha hatua.
Usinisukume, akasema bila kugeuka.
Sikusukumi.
Basi usinihurumie pia.
Tukaenda hivyo.

Kulia.
Kambini neno hili lilikuwa upande tu;
hakuna koplo aliyetuambia lina kazi nyingine.
Siku tulipokuzika Nebbi nilisimama wima,
mikono ubavuni, kidevu juu, na watu wakanisifu:
tazameni askari.
Nikarudi Jinja na sifa zangu, nikafua shuka zako,
nikazikunja pembe kwa pembe, kama kwa ukaguzi.

Leo, bila amri ya mtu,
mguu wa kushoto ukakanyaga vumbi,
na ule mwingine ulipofuata
uso wangu wote ukatii.

Mama wa kofia akaninyoshea chupa yake ya maji.
Miguu inauma?
Ndiyo.
Muongo, akasema,
akapunguza mwendo ili nimfikie.

Zimebaki tatu.
Mukoda huko mbele anatupungia, anadhani tumepotea.
Daftari limelowa jasho, wino wa Mwogeza unatambaa,
ila penseli, ajabu, haijafutika.
Fundi ajiandae.